Kutuliza moyo kortini wazazi wanapozozania malezi ya mtoto

NI saa mbili na nusu za asubuhi na ukumbi wa nje wa mahakama ya watoto umekwisha kujaa. Upande mmoja wa benchi ameketi mama na dada yake, bahasha ya kaki mapajani. Hatua kumi kutoka hapo amesimama baba na mjomba wake, naye ana bahasha yake kwapani. Wawili hawa waliishi chini ya paa moja kwa miaka saba. Leo hawaamkuani. Karani anapotokeza na orodha ya kesi mkononi, kila mmoja wao anahisi moyo ukimdunda kana kwamba ndiye mshtakiwa.

Ni hali ambayo mtu yeyote aliyewahi kuketi nje ya mahakama za watoto, ziwe za Milimani jijini Nairobi, Tononoka mjini Mombasa au kwingineko nchini, anaifahamu fika. Wazazi wengi hufika pale wakiwa wamejiandaa kwa stakabadhi, kwa ada ya wakili na hata kwa mavazi. Ni wachache mno wanaojiandaa kukabiliana na kile kinachoweza kuwaponza kabla ya jingine lolote: ghadhabu yao wenyewe.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu kubwa ya ghadhabu hiyo hutokana na mzazi kutolielewa swali ambalo korti imeketi kulijibu. Yeye huingia akitarajia kutangaziwa ni nani aliyeivunja ndoa, ni nani aliyedanganya, ni nani aliyeanza kulala nje. Anaposikia hakimu akiuliza mtoto hulala saa ngapi na ni nani humpeleka shuleni, huhisi kwamba uchungu wake umepuuzwa, akapandwa na mori.

Mahakama ya watoto haikuundwa kugawa lawama za ndoa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kifungu hicho hicho kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Malalamishi ya talaka na ya ugavi wa mali yana kesi zake, na mara nyingi huwa mbele ya hakimu au jaji mwingine kabisa.

Mzazi akilishika hilo kabla ya kuondoka nyumbani, nusu ya vita imekwisha. Anajua kwamba kila swali atakaloulizwa, hata liwe la kuudhi vipi, linazunguka maisha ya kila siku ya mtoto: chakula, shule, matibabu, usalama, ndugu zake, na watu wanaomlea mzazi anapokuwa kazini. Akijibu hayo yuko ndani ya kesi. Akianza kusimulia harusi ilivyokuwa na jinsi wakwe walivyomtenda, ameshatoka nje yake, hata kama kila neno analosema ni la kweli.

Kuna sababu nyingine ya kuyapa mambo haya uzito. Miongoni mwa yale ambayo sheria inamtaka hakimu ayatazame kabla ya kuamua mtoto aishi na nani ni mwenendo wa mzazi. Kwa hivyo jinsi unavyomjibu wakili wa upande wa pili, jinsi unavyomkatiza mwenzako akizungumza, na hata jinsi unavyomtaja mbele ya afisa wa watoto, yote yanaweza kuangaliwa kama sehemu ya picha. Hakimu hana nafasi ya kukuona nyumbani ukimwogesha mwanao. Anakuona hapo tu, kwa muda mfupi, na hapo ndipo anapojiuliza kama unaweza kushirikiana na mzazi mwenzako kwa miaka kumi ijayo.

Hata hivyo, hasira haizaliwi kortini. Huzaliwa siku kadhaa mapema, pale mzazi anapokabidhiwa hati ya kiapo ya upande wa pili.

Hati hizi huuma. Mtu uliyemzalia watoto ameapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba wewe ni mlevi, kwamba humjali mtoto, kwamba nyumba yako haifai. Baadhi ya maneno ni kweli iliyotiwa chumvi, mengine ni uongo mtupu, na mengine ni lugha ya mawakili ambayo mwenzako mwenyewe huenda hakuisoma kwa makini kabla ya kutia sahihi. Wengi huisoma usiku, peke yao, kisha hunyakua simu na kumpigia mhusika papo hapo. Simu hiyo huzaa mengine, na wiki inayofuata maneno yake yanaweza kujitokeza katika hati mpya.

Njia bora ni kuisoma mara mbili. Mara ya kwanza isome mchana, ukiwa na mtu unayemwamini, usiandike lolote wala kumjibu yeyote. Mara ya pili isome siku inayofuata ukiwa na kalamu, na kando ya kila aya utie alama. Aya inayomhusu mtoto moja kwa moja ipe alama moja: karo haikulipwa, alikosa kliniki, alichelewa kuchukuliwa shuleni. Hizo ndizo zinazohitaji jibu na, ikiwezekana, karatasi ya kuthibitisha. Aya zinazokuhusu wewe kama mtu, kama vile kazi yako, marafiki au pombe, zipe alama ya pili. Hizi hujibiwa tu pale zinapogusa malezi. Aya za ndoa iliyokwisha zipe alama ya tatu kisha uzivuke. Atakayefanya hivi atashangaa jinsi kurasa 12 za matusi zinavyobaki mambo manne au matano ya kujibu.

Zoezi hili lina faida nyingine isiyoonekana. Maneno yaliyokuuma ukiyasoma jikoni kwako hayatakuwa na makali yale yale yatakaposomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Utakuwa umekwisha kukutana nayo.

Kuhusu mwili, ni vyema kujua kinachotokea ndani yake. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, ambaye kwa miongo kadhaa aliwachunguza wanandoa wakigombana huku mapigo ya moyo yao yakipimwa, alieleza kwamba mtu mwenye hamaki ambaye moyo wake umepita takriban mapigo 100 kwa dakika hupoteza uwezo wa kusikiliza vyema. Masikio yapo, lakini maneno hayaingii. Zaidi ya hayo, mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia, na hizo ni dakika 20 za kutoendelea kuuwaza ugomvi wenyewe.

Tuyalete hayo katika ule ukumbi wa nje. Mzazi aliyerushiana cheche za maneno na mwenzake dakika tano kabla ya jina la kesi kuitwa, anaingia ndani akiwa nusu kiziwi. Ataulizwa hili ajibu lile. Ndiyo maana ukumbi ule ni mahali pa hatari kuliko kizimba chenyewe. Fika mapema, uketi mbali na mwenzako, na ukimwona amkua kwa heshima au unyamaze. Usijadili kesi. Usimwonyeshe picha kwenye simu. Ikiwa ana jambo la kusema, wakili wako au karani yupo.

Na hao jamaa! Kesi za watoto husikilizwa faraghani, na kwa kawaida wanaoruhusiwa kuingia ni wahusika, mawakili wao na wale ambao korti imewakubali. Shangazi, wajomba na marafiki wa kanisani waliojazana kwenye matatu kuja kutoa msaada hubaki nje, nao wakiwa nje hawana la kufanya ila kutupiana vijembe na jamaa wa upande wa pili. Mwandishi anashauri, bila kumvunjia mtu yeyote heshima, kwamba uje na mtu mmoja tu, tena yule mpole zaidi katika ukoo. Aliye mkali mwache nyumbani amchunge mtoto.

Pumzi nayo ni dawa isiyo na gharama. Vuta hewa polepole kupitia puani, kisha uitoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta. Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza kasi ya moyo. Rudia mara sita au saba ukiwa umeketi, miguu yote miwili sakafuni. Hakuna atakayejua unachofanya. Ila lifanyie mazoezi nyumbani kwa siku kadhaa, maana mwili hauwezi kujifunza jambo jipya katikati ya taharuki.

Wapo wanaodhani utulivu ni kuukaza uso ukawa kama jiwe. Huko ni kujitwika mzigo wa pili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 na wanasaikolojia Jane Richards na James Gross ulionyesha kwamba watu walioambiwa wafiche hisia zao walikumbuka machache zaidi ya yale waliyoyasikia kuliko wale ambao hawakuambiwa hivyo. Nguvu ya akili iliishia usoni. Kinachosaidia zaidi ni kuibadili maana ya unachokiona. Wakili anayekuhoji kwa sauti ya juu hana kisa nawe. Jana alikuwa katika kesi ya mtu mwingine na kesho atakuwa katika nyingine. Kuuliza ndiyo kazi anayolipwa kuifanya. Ukimtazama hivyo, maswali yake huwa maswali tu.

Machozi yakikutoka, hujaharibu kitu. Omba dakika moja, jifute, uendelee. Mahakimu wa watoto wamezoea kuona wazazi wakilia. Wasilolivumilia ni kukatizwa na kutukanwa.

Sasa tuingie kizimbani. Wakili anauliza: Je, si kweli kwamba wewe hurejea nyumbani usiku ukimwacha mtoto peke yake? Jibu linaloruka mdomoni ni, "Nani amekuambia? Huyo anayesema hivyo mwenyewe hajamwona mtoto tangu Krismasi!" Jibu linalomsaidia hakimu ni hili: "Siku mbili kwa wiki huwa zamu ya jioni, nafika saa tatu usiku. Siku hizo mtoto hula na kulala kwa nyanya yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu." Jibu la pili halina hata chembe ya hasira, lakini limeuzima moto wote wa swali. Limetaja siku, saa, na mtu. Anayejua ratiba ya mtoto wake kwa undani hana haja ya kupandisha sauti.

Mwelekee hakimu unapojibu, si mwenzako wala wakili wake. Mwite Mheshimiwa. Swali likikuchanganya, omba lirudiwe. Usilolijua, sema hulijui. Wakili wako akisimama kupinga swali, nyamaza hadi hakimu aamue. Kuna wazazi ambao, kwa pupa ya kujitetea, hulijibu swali ambalo wakili wao alikuwa akipigana lisijibiwe.

Vilevile, zungumza lugha unayoimudu. Kiswahili ni lugha rasmi katika mahakama hizi sawa na Kiingereza. Mtu anayeng'ang'ana na Kiingereza huku amekasirika hutafuta maneno, hukwama, hudhani wenzake wanamcheka, na hasira huongezeka. Mwambie wakili au karani mapema kwamba utatoa ushahidi kwa Kiswahili, au kwamba unahitaji mkalimani wa lugha yako ya mama. Hakuna aibu katika hilo.

Tangu janga la corona la mwaka 2020, vikao vingi vimekuwa vikiendeshwa kwa njia ya video. Usidhani kuwa huko ni rahisi. Mzazi aliye nyumbani husahau kwamba kamera inamwona akisonya na kutikisa kichwa, au kwamba kipaza sauti chake kiko wazi anapomnong'onezea ndugu yake, "Huyo mwongo." Keti chumbani peke yako, mlango umefungwa, na mtoto awe mbali asisikie. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Si kila mkutano unafanyika mbele ya hakimu. Mizozo mingi hupitia kwanza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye huwaita wazazi wote wawili na kujaribu kuwapatanisha kuhusu malezi na matunzo. Wakikubaliana, makubaliano yao ya wajibu wa wazazi huandikwa na yanaweza kuwasilishwa kortini. Kesi ikiwa tayari kortini, hakimu anaweza kumwagiza afisa huyo afanye uchunguzi na kuandika ripoti. Atakuja kwako, atatazama mahali mtoto anapolala, ataongea na mtoto. Usimfunze mtoto maneno ya kusema. Maafisa hawa wamezungumza na watoto wengi na wanayatambua maneno ya mtu mzima yanapotoka kinywani mwa mtoto wa miaka sita.

Aidha, tangu mwaka 2016 Idara ya Mahakama imekuwa na mpango wa upatanishi, ambapo kesi hupelekwa kwa mpatanishi badala ya kwenda moja kwa moja kusikilizwa. Yanayosemwa humo ni siri na hayawezi kutumiwa dhidi yako kortini upatanishi ukivunjika. Watu wengi hawalijui hili, nao huketi pale wamekaza meno kama wako kizimbani. Ni mahali pa kusema "nilikosea kumzuia asimwone mtoto Desemba" bila kuogopa. Kauli moja kama hiyo inaweza kufungua kilichoshindikana kwa miezi minane. Kikao kikipamba moto, omba mapumziko. Omba dakika 20, si tano.

Kati ya kikao na kikao kuna simu, na simu imewaharibia wazazi wengi kesi zao. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuwasilishwa kama ushahidi, mradi uambatane na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi kwa stakabadhi za kielektroniki. Bill Eddy, wakili wa Marekani aliyewahi kuwa mhudumu wa jamii, amewafundisha wazazi waliotengana kujibu jumbe za uchokozi kwa jibu fupi, lenye taarifa, la kirafiki, na lisilofungua mlango wa mjadala mwingine.

Tuseme umepokea haya Ijumaa usiku: "Wewe ni mama bure kabisa. Mtoto amekuja na kikohozi tena na wala hujali." Jibu laweza kuwa hivi: "Habari ya jioni. Kikohozi kilianza Jumatano. Alionwa na daktari Alhamisi. Dawa ziko kwenye mfuko wa mbele wa begi, kijiko kimoja asubuhi na jioni. Nitamchukua Jumapili saa kumi." Hakuna lililojibiwa kuhusu "mama bure". Hakimu akiusoma mfululizo huo siku moja, hatahitaji kuelezwa na yeyote ni nani aliyekuwa akimfikiria mtoto.

Sharti lisemwe jambo moja bila kuzungushwa. Utulivu tunaouzungumzia hapa si kunyamazia dhuluma. Mzazi aliyepigwa, au ambaye mtoto wake ameumizwa, hapaswi kulainisha ushahidi wake ili aonekane mpole. Aeleze tarehe, mahali, majeraha na hospitali aliyotibiwa, hata kama sauti inatetemeka. Kutetemeka si utovu wa nidhamu. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba agizo la ulinzi, na anaweza kuiambia korti mapema kwamba anaogopa kuketi karibu na mhusika au kupatanishwa naye ana kwa ana. Nambari 116 hupokea taarifa za watoto walio hatarini, na 1195 huwasaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Zote hazina malipo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuuliza katika afisi za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyobuniwa na sheria ya mwaka 2016, au katika mashirika kama vile FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria.

Hatimaye uamuzi husomwa, na hapa pia wengi huteleza. Wakati wa kusomewa, andika. Mkono unaoandika huupa moyo kazi nyingine. Sikiliza mtoto atakaa wapi siku zipi, ni nani atakayeamua kuhusu shule na matibabu, ni nani atakayelipa karo, na kama agizo ni la muda au la mwisho. Maagizo ya malezi si ya milele. Hali ikibadilika, mzazi anaweza kurudi kuomba yabadilishwe. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Ukifahamu hayo, hutaona haja ya kupiga kelele mlangoni wala kuapa kwamba mtoto hatatoka kwako ukiwa hai. Kulikaidi agizo la korti kunaweza kukufikisha mbele ya hakimu huyo huyo kwa kosa la kuidharau mahakama.

Jioni utafika nyumbani. Mtoto, ambaye hakuna aliyemweleza ulikokuwa lakini anajua, atasimama mlangoni na kuuliza ni nani ameshinda. Mwambie kwamba atalala hapa hadi Ijumaa, kwamba baba atamchukua shuleni saa kumi, na kwamba viatu vyake vya mpira viko kule kwa baba, kwa hivyo asivitafute.